Mke mwenza anayezunguka mara 45 kwa dakika

Simu ya mama iliita Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Mama yangu si mtu wa kupiga simu muda huo, nikajua tu kuna msiba.

"Njoo umchukue mke mwenza wangu," akasema. "Nyumba mpya imekwisha, wiki ijayo tunahamia. Yeye kule haingii. Ama aende zake, ama mimi nibaki huku huku kwenye nyumba ya zamani."

Mpenzi msomaji, usiharakishe kumhukumu mzee wangu. Baba hana nyumba ndogo na sidhani kama aliwahi kuwa nayo. Huyo mke mwenza ni sanduku la bati la kijani, la aina ile tuliyopelekea vitu bweni, na limejaa santuri 137. Kati ya hizo, 88 ni za mtu mmoja: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Mama amelala chumba kimoja na sanduku hilo tangu mwaka 1984.

Kazi yangu ni kuhariri kurasa za mapenzi na mahusiano. Kila mwezi nasoma barua za watu waliochoshwa na wenzao, nazipanga, nawatafutia ushauri. Ndoa ya nyumbani kwetu sikuwahi kuigusa. Basi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi hadi Mwanza, kesho yake nikashika barabara ya Musoma. Ukifika Lamadi unakata kulia kwenda Bariadi. Siku hizi ni lami. Enzi za utoto wangu ulikuwa unafika nyumbani na nyusi nyekundu kwa vumbi.

Ilikuwa Juni, msimu wa pamba. Nilimkuta baba barazani amejaa tele kwenye kiti chake, sanduku liko miguuni, kama mtu aliyekalia mzigo wake stendi asije akaibiwa.

"Ng'wanone," akaniita, "umekuja kunisaidia au umetumwa?"

Nikamwambia yote mawili.

Kwani huyu Mbaraka ni nani?

Kwa wale mliozaliwa juzi, ngoja niwape kidogo. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, na mji wa Morogoro ukawa hautoshi, maana hapo hapo kulikuwa na Cuban Marimba, bendi ya Salim Abdullah, na baadaye Juma Kilaza. Mji mmoja, mafahali wawili. Watu walikuwa wanasafiri kutoka mbali kwenda tu kucheza dansi Morogoro.

Mbaraka alikuwa anapiga gitaa la solo, anatunga na anaimba, na bendi nzima inamsikiliza yeye. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japan kwenye maonyesho makubwa ya Osaka, wakarudi na wimbo "Expo 70". Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Orchestra Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na miaka 34 tu. Baada ya hapo zikatoka LP zilizoitwa "Ukumbusho", moja baada ya nyingine, na watu wakawa wananunua kama wanatoa rambirambi.

Nyimbo zake zilikuwa gazeti pia. "Dr. Kleruu" ulimlilia Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971. Baba anasema yeye habari ile aliielewa vizuri kwa Mbaraka kuliko kwenye taarifa ya habari.

Siku hizo mzee wangu alikuwa kijana, karani wa chama cha msingi, anayepima pamba za wakulima na kuandika kwenye leja. Kila akipata mshahara na chochote cha shambani, safari ilikuwa Mwanza, kwenye duka la santuri. Anaondoka alfajiri, analala kwa ndugu, anarudi na santuri mbili au tatu ameziweka kifuani, si begini, maana gari likiruka kwenye shimo santuri inapasuka. Gramafoni yake ilikuwa ndogo, ya kutumia betri za tochi. Jioni vijana wa Somanda wanajaa uani, mmoja kaleta betri, mwingine kaleta karanga. Betri zikianza kuchoka, Mbaraka anaimba kwa sauti ya babu.

Santuri moja, maswali mia

Hapa ndipo mama alipokuwa anachoka. "Wimbo anao," aliniambia, "anaununua tena. Wa nini?"

Nilimuuliza baba swali hilo hilo. Akanijibu kwa utulivu, kama mwalimu. Tanzania siku zile hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilikuwa zinaingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zinarekodi kwenye mikanda, nyimbo zinapigwa redioni, basi. Ukitaka santuri ya kushika mkononi, bendi ilibidi irekodi kwa makampuni ya Nairobi. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na maisha mawili: wa redioni na wa kwenye santuri. Gitaa si lile lile. Mwimbaji kaongeza neno, mpiga saksafoni kachelewa kidogo, au kawahi. Baba anavyo vyote viwili, wa santuri na wa kanda aliyoirekodi mwenyewe kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine na kutufukuza watoto tusipige kelele. Kwenye kanda moja jogoo wetu anasikika vizuri kabisa.

Nikacheka, lakini ugonjwa huu si wa Bariadi peke yake. Kule Urusi alikuwepo kiongozi wa orkesta anaitwa Yevgeny Mravinsky, aliyesimama mbele ya orkesta moja ya mji wa Leningrad tangu mwaka 1938 hadi alipofariki mwaka 1988. Miaka 50 na orkesta ile ile! Simfoni ya tano ya Tchaikovsky aliirekodi zaidi ya mara moja, na mpaka leo wako watu duniani wenye santuri zake zote za simfoni hiyo hiyo. Wanabishana ipi ina moto zaidi, ya 1956 au ya 1960. Ukiwaweka watu hao na baba yangu kwenye baraza moja, lugha hawataelewana, lakini chai itapoa.

Kumbe mkusanyaji hakusanyi nyimbo. Anakusanya siku. Kila santuri ni siku moja ambayo watu fulani waliingia chumbani, wakapiga, wakatoka, na haitarudi. Nilipolielewa hilo nikaanza kumwonea baba huruma. Sikujua kuwa huruma hiyo ilitakiwa kugawanywa kwa wawili.

Iliyopita njia ya panya

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Hebu piga hesabu: santuri zinatoka Nairobi, na mpaka umefungwa. Wimbo "Shida", ambao ni wa miaka ya mwisho ya Mbaraka na uliouzwa sana Afrika Mashariki, baba aliusikia kwa watu kabla hajauona. Mbaraka akafa, mzee wangu bado hajaupata.

Aliupata kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapita ziwani usiku. Bei yake hajawahi kuitaja mpaka leo, hata kwangu. Lakini mwaka 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi. Mnaokumbuka mnajua. Mtu mwenye bidhaa ya nje isiyo na risiti hakuwa na usingizi. Wengine walitupa vitu mtoni, wengine walichimbia. Baba aliifunga "Shida" kwenye kitambaa, akaizika ndani ya kihenge, katikati ya mtama. Ilikaa humo miezi.

Mwaka 1984 alimuoa mama. Mahari ilikuwa ng'ombe, kama desturi yetu Wasukuma. Ndugu walipoondoka, sherehe imekwisha, bwana harusi akaenda kihengeni, akafukua mtama, akatoa santuri. Akaifuta. Akaweka sindano. Huo ndio wimbo wa kwanza mama kuusikia akiwa mke wa mtu. Hadithi hii nimeisikia kwa baba mara nyingi sana. Kwa mama sikuwahi kuisikia hata mara moja.

Januari ya ada

Mwaka 2002 nilichaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Fedha za pamba ya msimu uliotangulia zilikuwa zimetengwa: ada, godoro, sanduku, sare, nauli. Desemba baba akasikia kuna mzee mmoja upande wa Maswa, mwalimu mstaafu, anauza santuri zake zote, 41, nyingi za Morogoro Jazz. Akaenda "kuangalia tu". Akarudi nazo kwenye baiskeli.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka kimya. Mama alikuwa na cherehani, na pale uani alikuwa anashona sare za watoto wa mtaa mzima. Siku mbili baadaye cherehani haikuwepo. Mimi nikaripoti shule nimechelewa wiki tatu, na godoro langu chini ya kwapa. Baba aliendelea kusema angemnunulia mama cherehani nyingine msimu ukikubali. Bei ya pamba ikawa mbaya, mwaka uliofuata mvua, uliofuata mgonjwa. Ikapita. Na mama aliacha kukaa barazani santuri zikipigwa. Huo ukawa utaratibu wa nyumba yetu: muziki unaanza, mama anaingia jikoni.

Kwa hiyo miaka zaidi ya ishirini baadaye anaposema sanduku halihamii, usidhani ni hasira za mzee. Ni deni.

Ile moja haipo

Kaka yangu alikuwa na dawa nyepesi kwa njia ya simu: "Uzeni. Wazungu siku hizi wanazitafuta hizo, wanatoa hela nzuri. Mnagawana, kesi imekwisha." Nikasema kabla ya kuuza au kuhamisha, tujue kilichomo. Nikanunua daftari kubwa. Siku tatu mimi na baba tukawa tunatoa moja moja, tunafuta vumbi, tunaandika: jina la wimbo, bendi, namba, upande A, upande B, mikwaruzo.

Tulipomaliza nikamuuliza: "Baba, 'Shida' iko wapi?"

Akanyamaza. "Ilipotea," akasema. "2002 hiyo hiyo. Nafikiri niliazimisha mtu." Akaniambia ameitafuta Mwanza, ameitafuta Shinyanga, ameitafuta Musoma. Amewahi kuletewa na mtu, kumbe imepinda kwa jua kama sahani ya supu. Alikuwa anazungumza polepole na mikono yake inapanga bahasha ambazo zilishapangwa.

Mama alikuwa anapita na sufuria. Akasikia. Hakusema kitu.

Usiku akaniita chumbani. Akafungua kasha lake la khanga, akatoa mbili, tatu, nne, na chini kabisa, kati ya khanga mbili ambazo hajawahi kuzivaa, kulikuwa na bahasha ya karatasi imegeuka rangi. Sikuhitaji kusoma.

"Mama! Miaka yote hii?"

"Nilichukua kilicho changu," akasema. "Cherehani yangu iliondoka, na wimbo wangu ukaondoka kwake. Hizo nyingine 136 ni zake. Huu alinipigia mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakuivunja, kama alikuwa na hasira kiasi hicho. Akaniangalia kama ninauliza kitu cha kitoto. "Nivunje wimbo wa harusi yangu?"

Unajua, mimi nilikuja Bariadi nikiamini mama anachukia muziki. Kumbe aliyeitunza santuri vizuri kuliko wote ni yeye: imelala bapa, kwenye giza, bila vumbi, bila jua. Sahani haina hata mkwaruzo mpya. Na alichokuwa anakitaka si sanduku litoke. Alikuwa anataka mtu aseme.

Baba anasema

Mama mwenyewe ndiye aliyeipeleka barazani asubuhi. Aliiweka mezani karibu na chai, akakaa. Nilitaka kuondoka, akanishika mkono nibaki.

Baba aliitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira. "Kumbe ilikuwa humu ndani," akasema.

Siku nzima hakusema neno. Kesho yake akavaa shati la kanisani, akatoka na baiskeli. Nikafikiri amekwenda kununua sindano ya gramafoni. Alirudi jioni na bei za cherehani kutoka maduka mawili, ameziandika kwenye karatasi, na akasema atauza zile santuri ambazo anazo mbili mbili, zipo 19, ili anunue.

Mama akasoma karatasi, akaikunja. "Macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano," akamwambia. "Umechelewa, mzee. Cherehani niliitaka nikiwa naiona."

Hapo, msomaji wangu, ndipo nilipoelewa kuwa kuna vitu havilipiki. Baba alivua kofia. Akasema: "Nilikosea. Mtoto alichelewa shule kwa ajili yangu, na wewe ukabeba. Nisamehe, mke wangu." Maneno yasiyozidi kumi na tano. Yalikuwa yanasubiri zaidi ya miaka ishirini.

Mama hakulia na hakumkumbatia, hii si sinema. Alisema, "Chai inapoa." Lakini sanduku lilihamia nyumba mpya. Haliko tena chumbani. Lina rafu yake sebuleni, na funguo ziko mbili.

Kama unaishi na mkusanyaji

Wengine wanakusanya viatu, wengine jezi, wengine santuri. Haya ndiyo niliyojifunza nyumbani:

1. Kaeni mkubaliane fedha kabla ya msimu, si baada. Ada ya mtoto na chakula havikai kwenye mfuko mmoja na hobi ya mtu.

2. Chumba cha kulala ni cha watu wawili. Mzigo utafutiwe pahali pake.

3. Muulize mwenzako kwa nini anakipenda. Muulize mara moja tu, lakini sikiliza mpaka mwisho.

4. Na wewe mkusanyaji, jua kwamba ndani ya vitu vyako kuna vya mwenzako. Mwulize kipi ni chake.

5. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje uwe na cherehani mkononi.

Na kama santuri ziko kwenu, zinapozeeka chini ya kitanda: zisimamishe wima kama vitabu, usizirundike. Ziweke mbali na dirisha na bati la moto. Shika ukingoni, usiguse mistari. Badilisha sindano iliyochoka, maana inakula santuri. Na andika orodha wakati wazee bado wapo wa kukueleza, kisha mtafute kijana mwenye kompyuta azinakili. Kaka yangu sasa hivi ndiye anayenakili za baba. Habari za Wazungu ameacha kuzitaja.

Jioni yangu ya mwisho Bariadi tulikaa kwenye baraza jipya, sementi bado inanuka. Kulikuwa na michembe na karanga. Baba akaweka "Shida". Zamani santuri ndogo hizi zilikuwa zinachukua dakika chache tu kila upande, kwa hiyo ikifika mwisho, sindano inabaki inakwaruza katikati mpaka mtu ainuke. Baba alikuwa amesinzia, au anajifanya. Nikasubiri mama ainuke aende jikoni kama kawaida yake.

Hakuinuka. Akamgusa mzee bega.

"Geuza," akasema.